Amani Kwenu Wawili

Huku Singida salamu ni ndefu. Zikiisha za asubuhi na za mvua, hufuata za watoto, nasi baada ya miaka 16 ya ndoa hatuna mtoto. Ndiyo maana siku zetu tatu za kwanza Guangzhou, China, zilitupumzisha. Jiji lile lina watu zaidi ya milioni 18. Mkoa wetu wote una milioni 2 hivi. Tulisongamana kwenye treni za chini ya ardhi, tukapanda mnara wa Canton wenye mita 600, tukatembea tumeshikana mikono. Hakuna aliyetuuliza lolote.

Siku ya nne ilikuwa Jumapili. Tuliingia kanisa kuu la Kikatoliki la Moyo Mtakatifu, lililokamilika mwaka 1888, lote mawe ya granaiti kama majabali ya kwetu. Waafrika wengi husali pale. Wakati wa kupeana amani, mama mmoja Mkongo alitushika mikono: "Amani kwenu wawili." Akaishia hapo.

Tulilia. Mungu aliyemsikia Hana bila sauti alikuwa ametuhesabu katika umati ule, wala hakuona pengo. Sasa tukiulizwa habari za watoto, tunajibu, "Tuko wawili, hatujambo." Wapendwa, nyumba ya wawili nayo ni nyumba.