MINZIRO: ANAPANDISHA TIMU, FUNGUO WANAPEWA WENGINE

Kuna stori ambayo ukipita Katoro, Kahama au Shinyanga mjini hutakosa mtu wa kukusimulia, ila majina huwa hayatajwi. Jamaa anafika machimboni hana mbele wala nyuma. Anakutana na dada anayeuza chai na chapati, wanapanga chumba kimoja, na dada ndiye anayelisha nyumba huku jamaa anashinda kwenye duara linalotoa mawe matupu. Siku duara likitema, jamaa ananunua gari, anahamia Mwanza, na harusi anafunga na mtu mwingine kabisa.

Kwenye mpira wa Bongo, huyo dada ana jina na kila mtu anamjua. Anaitwa Fred Felix Minziro.

Watoto wa 2000 wanamjua kama kocha tu, yule mzee wa benchi. Lakini wazee wa Jangwani wanamkumbuka akiwa na buti mguuni, beki wa kushoto wa Yanga. Alipotundika daruga hakwenda mbali na uwanja, akaingia kwenye ukocha, na baadaye akarudi nyumbani Yanga kama kocha msaidizi. Mwaka 2012 Yanga inabeba Kombe la Kagame kwa kuifunga Azam 2-0, kocha mkuu ni Mbelgiji Tom Saintfiet na msaidizi ni Minziro. Saintfiet akaondoka, akaja Mholanzi Ernie Brandts, msaidizi akabaki yule yule. Msimu wa 2012/13 Yanga ikachukua ubingwa. Makocha wakuu wanabadilika, Minziro yupo.

Desemba 2013 Yanga ikala 3-1 kwa Simba kwenye Nani Mtani Jembe. Brandts akaonyeshwa mlango, na safari hii Minziro naye hakusalimika. Aliyekuja kushika timu ni Mholanzi mwingine, Hans van der Pluijm. Hilo jina liweke akilini, maana litarudi.

Baada ya hapo ndipo ikaanza ile kazi iliyompa Minziro sifa yake kubwa, kupandisha timu. Na kama hujawahi kufuatilia ligi ya chini usidhani ni kazi ndogo. Huko hakuna kamera kila mechi. Timu inasafiri kwa basi mkoa hadi mkoa, uwanja mwingine una vumbi la kupanda matofali, na wachezaji nusu yao hakuna anayewajua nje ya mtaa wao. Kocha wa huko ni baba, ni daktari, ni mpatanishi wa ugomvi wa chumbani.

Mwaka 2017 akaipandisha Singida United. Mji mzima ukafurahi, wadhamini wakajaa. Ligi Kuu ilipoanza, kwenye benchi akakaa nani? Hans van der Pluijm. Yule yule.

Mwaka uliofuata Minziro akaipandisha KMC ya Kinondoni. Ligi Kuu ilipoanza, timu akakabidhiwa Mrundi Etienne Ndayiragije.

Hapa inabidi kuwa wakweli, tusije tukaonekana tunapika majungu. Hao waliokuja hawakuwa wababaishaji. Pluijm aliifikisha Singida fainali ya Kombe la FA mwaka 2018, wakafungwa 3-2 na Mtibwa. Ndayiragije aliimaliza ligi na KMC ikiwa nafasi ya 4, ikaenda kucheza Kombe la Shirikisho Afrika, na mwenyewe akapanda mpaka Taifa Stars. Kwa hiyo viongozi wa klabu hizo wanaweza kusimama kifua mbele wakasema hesabu zao zilikubali. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kujua Minziro angefika wapi na timu alizozipandisha mwenyewe. Hakupewa nafasi ya kufaulu wala ya kufeli.

Jibu lilikuja kutoka Geita.

Geita Gold ni timu ya mji wa dhahabu, inadhaminiwa na mgodi wa GGML, lakini historia yake ilikuwa na doa. Mwaka 2016 ilikuwa inasaka kupanda Ligi Kuu, ikaifunga JKT Kanembwa 8-0 siku ya mwisho. Wapinzani wao wa kundi, Polisi Tabora, siku hiyo hiyo wakaifunga JKT Oljoro 7-0. Nchi nzima ikashika mdomo. TFF ikazishusha timu hizo kwa kupanga matokeo, na aliyefaidika ni Mbao ya Mwanza iliyopanda badala yao. Kwa watu wa Geita ilikuwa aibu ya kutembea nayo barabarani.

Aliyekuja kuifuta ni Minziro. Msimu wa 2020/21 akaipandisha Geita kihalali, uwanjani. Na ukiangalia ramani ya kanda hii utaona uzito wake. Stand United ya Shinyanga, Chama la Wana, ilishuka mwaka 2019. Mwadui ya kwenye almasi ikashuka msimu huo huo ambao Geita ilipanda. Kambarage iliyokuwa inafurika Yanga na Simba zikija ikabaki kimya. Dhahabu ikabaki imeshika bendera ya wachimbaji peke yake.

Halafu Geita wakafanya nini? Wakamleta kocha mkuu mpya. Ndayiragije. Ndiyo, yule yule wa KMC. Minziro akasogea kiti cha pembeni.

Mtu mwingine angebeba begi lake. Mzee akabaki. Mwanzo wa ligi mambo yakawa mabaya, Ndayiragije akaondoka mapema, na timu ikarudi kwenye mikono iliyoipandisha. Safari hii hakukuwa na mgeni mwingine njiani.

Kilichofuata kipo kwenye rekodi. Geita, timu iliyopanda juzi, ikamaliza 2021/22 nafasi ya 4 nyuma ya Yanga, Simba na Azam. Nafasi ile ile ambayo KMC iliipata kwa Ndayiragije. Na mfungaji bora wa ligi hakutoka Kariakoo. Alikuwa George Mpole wa Geita, magoli 17, akimpita Fiston Mayele wa Yanga kwa goli moja tu, mbio zilizokwenda mpaka siku ya mwisho. Kabla ya msimu ule, mashabiki wangapi wa Dar walikuwa wanamjua Mpole? Juni 2022 akaifungia Taifa Stars dhidi ya Niger, baadaye akaenda zake FC Lupopo ya Lubumbashi. Ukitaka kuelewa kipaji cha Minziro usihesabu vikombe, angalia mtu kama Mpole alikoanzia mwaka ule na alikoishia.

Geita ikacheza Kombe la Shirikisho pia. Ikatolewa mapema na Hilal Alsahil ya Sudan, jumla 2-2, kwa sheria ya goli la ugenini. Inauma, ila miaka 6 nyuma timu hiyo ilikuwa inaitwa wapanga matokeo.

Minziro akaondoka Geita mwaka 2023. Si kwamba kila anakogusa panageuka dhahabu: Tanzania Prisons alikokwenda hakumaliza hata msimu. Lakini Geita nayo bila yeye ilipita kwa makocha wengine, na mwaka 2024 ikashuka daraja pamoja na Mtibwa. Vuli ya mwaka huo huo, Pamba Jiji ya Mwanza, iliyorudi Ligi Kuu baada ya miaka zaidi ya 20 na kuanza vibaya na Goran Kopunović, ikampigia simu nani? Mzee akaja, na Pamba ikabaki Ligi Kuu.

Ona simu hizo zinavyopigwa. Timu ikiwa chini inataka kupanda, Minziro. Timu ikiwa inazama, Minziro. Timu ikiwa na hela na matumaini, jina lingine. Wazawa wengi wa benchi wanaishi hivi, na vijana wanaostaafu mpira leo wanaangalia na kujiuliza kama kusomea ukocha kuna maana.

Wana Geita, mlimuona mkiwa na aibu na mkamuona mkiwa nafasi ya 4. Siku mkipanda tena, mtampa aliyewapandisha mkataba wa miaka mingapi? Wadau, uwanja wenu.