Amri ya Kukua

Dada yangu ana shamba la chai Katumba, si mbali na Tukuyu mjini. Asubuhi moja ya mwaka 2021, akichuma katika mvua yetu ya Rungwe isiyojua kupumzika, mkanda wa kapu ulimbana kwenye titi la kushoto akahisi uvimbe. Akanyamaza miezi minne. Simlaumu. Kwetu habari za titi hazizungumzwi, na chai haimngoji mtu.

Alipofanyiwa upasuaji, kinyama kilichokatwa kilipelekwa maabara kikarudi na neno moja tu: saratani. Ya namna gani, hatukuambiwa. Wiki saba zilipotea hadi daktari mwingine, Dar es Salaam, alipoagiza kipimo cha pili. Jibu likawa HER2.

Msomaji utanisamehe nikieleza kama tulivyoelezwa sisi. HER2 ni kipokezi, protini inayokaa kwenye utando wa seli kama sikio la kusikilizia amri ya kukua. Seli ya kawaida ina nakala mbili za jeni yake. Katika saratani kama ya dada, takriban moja kati ya kila tano za matiti, nakala huzidi mno. Masikio huota mengi hata yakashikana yenyewe na kupiga kelele bila kutumwa na yeyote. Ndani ya seli amri hupokezanwa kutoka protini hadi protini kwa njia mbili kubwa: moja huiambia seli igawanyike, nyingine huikataza kufa.

Dada alisikiliza, kisha akanigeukia. "Mdogo wangu, si mchai huo?"

Alikuwa sahihi. Chipukizi la juu la mchai huyatumia salamu ya pembeni yaendelee kulala. Ukilikata, yale ya pembeni huamka. "Ila mchai," akasema, "bado unausikia mkono wangu."

Dawa yake iliitwa trastuzumabu. Ni kingamwili iliyotengenezwa kukaa juu ya sikio lile, kuziba amri, na kuwaonyesha askari wa mwili seli ya kushambulia. Marekani iliidhinishwa mwaka 1998. Shirika la Afya Duniani likaiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na Desemba 2019 likathibitisha ya kwanza kati ya zile zinazofanana nayo kwa bei nafuu. Nimezihesabu tarehe hizo mara nyingi, kwa sababu mama yetu mdogo alikufa kwa titi mwaka 1999, na la kwake hakuna aliyelipima.

Ilikuwa dripu kila wiki tatu, mwaka mzima, na basi la Dar es Salaam kila mara. Mwezi wa tano moyo wake ukaonekana umelegea, kwani misuli ya moyo nayo hukitegemea kipokezi kile. Dawa ikasimamishwa wiki kadhaa. Sijapata kumwona akiogopa hivyo, hata siku ya kisu.

Moyo ulirudi, dawa ikaendelea hadi mwisho.

"Na amri ikipata njia nyingine?" alimwuliza daktari siku ya mwisho. Daktari hakumficha: hutokea, ndiyo maana lazima arudi kupimwa.

Mwezi uliopita nilimkuta akipogoa kipande cha juu cha shamba. Kapu lilikuwa limening'inia bega la kulia.