Macho Yanayomdanganya Mgonjwa

Sisi tunaofundisha vijana twasikia watu wakimcheka msichana aliyekonda hata mifupa yaonekana, naye akataa chakula akisema: «Mimi ni mnene.» Wengi wadhani asema uongo. Sivyo, ni ugonjwa, jina lake anoreksia. Mwaka 2013 wataalamu wa Uholanzi waliwapitisha wanawake katika milango, nao hawakujua wanapimwa nini. Wenye afya waligeuka ubavu mlango ulipozidi mabega yao kwa 25 kwa mia tu. Wagonjwa waligeuka ungali unazidi kwa 40. Kumbe mwili wenyewe waamini unene usiokuwapo! Tena ugonjwa huu waua. Basi tusibishane naye mbele ya kioo. Tumpeleke hospitali mapema, na nyumbani tukae naye mezani kwa uvumilivu.