Nilimkana Mwanangu Ili Nipendwe

Kwa karibu mwaka mzima nilimwambia mwanaume niliyempenda kwamba sina mtoto. Mtoto alikuwepo. Alikuwa na miaka 8, yuko darasa la pili, tunalala chumba kimoja hapa Manzese, yeye upande wa pili wa pazia. Nilisema ni wa dada yangu. Mtoto mwenyewe nikamfundisha kuniita mama mdogo kila mgeni wangu akija. Ninaliandika hili kwa sababu anakua, na sitaki aje alisikie kwa majirani kabla sijalisema kwa mdomo wangu.

Baba yake na mimi hatukufunga ndoa. Ilikuwa sogea tukae: alikuja na begi lake, tukanunua kitanda, nikazaa, miaka ikaenda, mtaa mzima ukatujua mke na mume. Siku moja akahamia Mbagala kwa mwanamke mwingine. Watu wakaniambia sina cha kudai, kwa kuwa hapakuwa na shehe wala padri. Waliniambia uongo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wakawahesabu ni mke na mume, wanachukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitike vinginevyo. Hata ikithibitika vinginevyo, mwanamke ana haki ya kuomba mahakamani matunzo yake na ya watoto waliozaliwa humo. Natamani kila mwanamke wa sogea tukae angelijua hili kabla begi halijatoka mlangoni.

Mimi nililisikia, na bado sikwenda popote. Nilitaka ile miaka yote ifutike. Niliuza godoro, nikanyoa nywele, nikafuta picha zote kwenye simu. Baba mtoto alipotuma hela kidogo mara moja, nilimrudishia ili asinipigie tena. Hela ile ilikuwa ya mtoto, haikuwa yangu kuirudisha. Sasa naona kwamba nilikuwa nimeshaanza kumfuta na yeye.

Nauza mitumba ya watoto, meza yangu haiko mbali na daraja la Manzese. Yule mwanaume niliyemdanganya alikuja pale kutafuta masweta. Aliniambia ana wanawe wawili, wako Mafinga kwa bibi yao, kule kuna baridi, na mama yao waliachana. Alisema yote hayo huku akipima mikono ya sweta kwa kiganja, bila kuona haya. Akaniuliza, "Na wewe dada, una watoto?" Nikasema sina.

Kabla yake alikuwepo mwingine aliyeacha kupokea simu zangu siku ileile aliyosikia nina mtoto. Na pale sokoni, kuanzia wakinadada wa saluni hadi makondakta, wimbo ni mmoja: singo maza ni wa kupita, haoleki. Mwanaume mwenye watoto wawili anaitwa baba wa watu, mwanamke mwenye mmoja anaitwa mabaki. Maneno hayo ni ya ukatili na wanaoyasema wanapaswa kuyaacha. Lakini hakuna aliyenishika mdomo siku ile. "Sina" niliisema mimi.

Uongo wa namna hii Uswahilini hauna pa kukaa. Nyumba yetu ina vyumba sita na korido moja, choo kimoja, na mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto. Ilinibidi niwapitie wapangaji wenzangu mmoja mmoja, niwaombe waniite jina langu la usichana. Mama mwenye nyumba alinitazama akasema, "Mwanangu, hilo unaloomba ni zito." Nikamwomba hivyohivyo.

Tulipoanza kulala pamoja, gesti moja ya Sinza, nilimtaka azime taa. Nilimwambia naona haya. Kwa kweli tumbo langu lina michirizi ya uzazi, na chini kuna kovu, kwa kuwa mwanangu alitolewa kwa upasuaji. Nilikuwa sijaguswa muda mrefu na nilikuwa na hamu ya kuguswa, sioni aibu kulisema. Lakini kila mkono wake ulipoteremka niliusogeza. Siku moja akalipapasa lile kovu, akauliza. Nikasema nilitolewa uvimbe. Mwanangu nilimwita uvimbe.

Tulikwenda pia kupima virusi vya ukimwi, na mimi ndiye niliyetoa wazo, na hilo sijutii. Wote tulikuwa salama, na tukaambiwa turudi baada ya miezi 3, kwa kuwa maambukizi mapya huchelewa kuonekana kwenye kipimo. Muuguzi alipouliza habari za uzazi, nikajibu sijazaa, mwenzangu amekaa kando yangu.

Aliyenivunja ni mtoto. Asubuhi moja namfunga kamba za viatu vya shule, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leo anko anakuja? Nijue nikuite nani." Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameshazoea.

Jioni ile nilimweleza yule mwanaume kila kitu. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema angempokea mtoto, ila hajui atawaletaje wanawe kwa mwanamke anayeweza kumkana wake. Hakunitukana. Hakurudi tena. Simlaumu, ingawa nilimlilia sana.

Kwa mwanangu nimeomba radhi, kwa maneno anayoyaelewa, nikiwa nimemwita na mama mwenye nyumba awe shahidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake waliomzaa. Mimi nilimfundisha kunikana kwa heshima na shikamoo. Nimekwenda pia ustawi wa jamii kufungua madai ya matunzo kwa baba yake. Shauri bado linaendelea. Mapenzi nitayatafuta tena, bado nayataka, na taa nitaiacha ikiwaka.

Dada yangu unayeanza upya, ukiulizwa swali lile siku ya kwanza, jibu siku hiyohiyo, hata kama ndiyo itakuwa ya mwisho. Nawe kaka unayeuliza, ukiambiwa "ninaye," uliza anaitwa nani.