Kamera Zisizo na Kioo: Nikon Italeta Nini Kesho?

Mtu aliyejinyima miezi mingi ili anunue kamera hupatwa na swali linalomkosesha usingizi: je, achukue ile iliyopo dukani leo, au asubiri ile inayosemekana iko njiani? Swali hilo si la wapenda anasa peke yao. Linamkabili mpiga picha wa harusi, na askari aliyestaafu anayekusudia kufungua studio kwa kiinua mgongo chake, mkewe akimhoji kila jioni fedha zinakwenda wapi. Kampuni ya Nikon ya Japani ni mfano mwema wa kulipimia jambo hili, kwa kuwa historia yake ni ndefu na mienendo yake imeacha nyayo.

Kwa miaka mingi kamera za wataalamu zilikuwa na kioo ndani, kilichoinamishwa mbele ya filamu, ambacho kiliakisi sura ya kitu na kuipeleka juu kwenye jicho la mpiga picha. Alipobonyeza, kioo kiliinuka, mwanga ukapita. Nikon ilianza na mdomo wa lenzi uitwao F mwaka 1959, na kwa kuwa kioo kilihitaji nafasi ya kuinuka, lenzi ilikaa milimita 46.5 mbali na filamu. Mwezi Agosti mwaka 2018 zilitangazwa Z7 na Z6, ambazo hazina kioo kabisa. Umbali huo ukapungua hadi milimita 16, na mdomo ukapanuliwa ukawa na upana wa milimita 55. Mpiga picha sasa hutazama kiwambo kidogo kinachomwonyesha kile hasa sensa inachokiona.

Isisahauliwe kwamba hilo halikuwa jaribio la kwanza. Mwaka 2011 kampuni hiyohiyo ilileta kamera zisizo na kioo ziitwazo Nikon 1, zenye sensa ndogo, na kufikia mwaka 2018 ilikwisha kuziacha. Waliokuwa wamenunua lenzi zake wakabaki nazo mikononi. Hapo ndipo kubashiri kunapogusa mfuko wa mtu: bodi ya kamera huchakaa na kubadilishwa, bali lenzi nzuri hurithiwa.

Sasa zitazamwe nyayo zenyewe. Z6 na Z7 za kwanza zililalamikiwa kwa kuwa na nafasi moja tu ya kadi. Mwaka 2020 zikaja Z6II na Z7II zenye nafasi mbili. Mwaka 2021 ikaja Z9, kamera kubwa yenye uzito wa gramu 1,340 pamoja na betri na kadi, isiyokuwa hata na shata ya chuma. Miaka miwili baadaye uwezo wake mwingi ukahamishiwa katika Z8, yenye gramu 910 tu na bei ya chini. Z6III ikafuata mwaka 2024, na Z5II mwaka 2025. Ni dhahiri kwamba Nikon huanzia juu, kisha huteremsha ujuzi wake ngazi kwa ngazi hadi kwa mnunuzi wa kawaida. Anayesubiri Z9 mpya ana haki ya kutarajia kwamba atakayefaidi zaidi ni yule atakayenunua nyingine, ndogo, miaka michache baadaye.

Fumbo lipo kwa Z7II. Hadi katikati ya mwaka 2025 haikuwa imepata mrithi, na sababu haihitaji mganga: Z8 ina nukta zilezile milioni 45.7, nayo ni yenye kasi kuliko yeye. Mrithi atakuwa na kazi gani? Labda atakuja na nukta nyingi zaidi, kwa wapigao picha za mandhari na za studio. Labda hatakuja kabisa. Upande wa sinema dalili ni nzito zaidi, kwani mwaka 2024 Nikon iliinunua kampuni ya RED ya Marekani, watengenezaji wa kamera za filamu, na hakuna anayenunua ng'ombe wa maziwa ili amtazame tu.

Mwenye lenzi za zamani za F naye ana shauri lake. Kiungo kiitwacho FTZ huziunganisha na kamera za Z, na zile zenye mota yake ndani hujilenga vema. Lakini zile za AF-D, ambazo zilizungushwa na mota iliyomo ndani ya kamera, huhitaji kulengwa kwa mkono, kwa sababu FTZ haina mota. Je, Nikon itatengeneza kiungo chenye mota? Miaka imepita bila dalili, na kila mwaka lenzi mpya za Z zinaongezeka. Si busara kuweka akiba kwa matumaini hayo. Heri kwenda dukani na lenzi yenyewe mkononi, kuifunga kwenye kamera inayouzwa leo, na kumwomba muuzaji asimame karibu na mlango ili ijaribiwe.