Kamba Zilizofichika Chini ya Dirii



Kila mwaka, Kwaresima inapofika katikati, parokia zetu huingia katika maandalizi ya mchezo wa Mateso ya Bwana. Huyu anatafuta miti ya msalaba, yule anatafuta joho la Pilato, na hawakosi kamwe vijana sita au wanane wanaogombea kuwa askari wa Kiroma. Juu ya askari hao tunalo neno la kuwaambieni, kwa maana ni sisi tuliomwaibisha mmoja wao mbele ya waamini, na chanzo cha aibu hiyo kilikuwa gundi.

Mwaka ule tulikuwa tumepata bidoni za njano za lita 20, zile za mafuta ya kula, zilizopasuka na kutupwa. Ukiikata bidoni ubavuni na kuipasha kidogo juu ya makaa, plastiki yake hukubali kujipinda kwa umbo la kifua. Ukiipaka rangi ya fedha, aliye mbali kidogo huiona kama chuma. Tulikata mabamba ya kifua, ya mgongo, ya mabega na ya miundi, tukajisifu. Kazi ya kuyashikiza mwilini tuliiacha hadi jioni ya Alhamisi Kuu, kana kwamba ni jambo dogo. Tukatwaa suti za michezo za vijana, zile za kitambaa kinachovutika, tukapaka gundi ya viatu, tukabandika.

Anayeijua plastiki ya bidoni amekwisha kucheka. Gundi hukaa juu yake kama maji juu ya jani la jimbi. Na hata kama ingeshika, kitambaa huvutika na bamba halivutiki, hivyo kila pumzi ya mvaaji huyatenganisha. Usiku ule mabamba yalionekana imara kwa sababu suti zilitundikwa ukutani, bila mtu ndani yake.

Siku ya pili alasiri, baada ya mvua, mchezo ulikwenda vema hadi Kalvari. Yezu alipokata roho watu wote walinyamaza. Hata watoto walinyamaza. Akida alipaswa kusogea, kupiga goti chini ya msalaba na kutoa ungamo lake. Kijana wetu, wa miaka kumi na sita, alikuwa amelikariri ungamo lile wiki tatu. Alipokunja goti, bamba la kifua lilipanda likamgonga kidevu. Bamba la bega la kushoto likabanduka, likaanguka, likateremka ngazi za kanisa moja baada ya nyingine kwa mlio ambao sisi tunausikia hadi leo. Mtu mmoja akacheka, kisha kumi, kisha uwanja mzima. Kijana akashika kifua chake kwa mikono miwili, akakimbia. Ungamo la akida halikusemwa mwaka ule.

Hayo pekee yangeweza kusahauliwa. Lakini sisi, tuliosomea ualimu na kufundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba mtoto hakaripiwi mbele ya wenzake, tulimfuata katika sakristia tukamwambia mbele ya wenzake kwamba ameharibu sala ya parokia. Hakujibu. Alivua mabamba yaliyosalia, akayapanga vizuri juu ya benchi, akatoka. Pasaka hakuja, wala Pentekoste.

Tulimwendea mwezi wa sita. Alikuwa kwa mjomba wake, fundi viatu, wanakofanyia kazi chini ya turubai karibu na soko. Tulikuwa tumelichukua bamba moja mkononi. Hatujui kwa nini, labda kwa sababu mtu mzima anayekwenda kuomba radhi hutafuta kitu cha kushika. Tuliomba radhi kwa kijana, mjomba akisikia. Kijana alitazama chini akasema, "Imeisha, Mwalimu," kwa sauti ya mtu ambaye kwake haijaisha.

Mjomba ndiye aliyeuvunja ukimya. Alilichukua bamba, akaligeuza, akakwangua gundi kwa ukucha.

"Mwalimu, hili lilikuwa limeshika nini?"

"Suti, Papa."

"Na suti ilikuwa imeshika nini?"

Hatukuwa na jibu. Akatuonyesha kiatu alichokuwa anakishona: soli hukaa kwa sababu uzi unapita ndani ya ngozi ya juu na ndani ya soli yenyewe, na ngozi ya juu nayo imefungwa kwenye mguu kwa kamba. Kisha akavuta uzi wake juu ya donge la nta, mara mbili, mara tatu, ili usilegee wala usikatike. Kijana akasogea karibu akaanza kutoboa matundu pembeni mwa bamba kwa msumari uliopashwa moto.

Baadaye tulipochungulia vitabu tuliona kwamba mafundi wa zamani walikwisha kulijua jambo hili. Dirii ya mabamba ya askari wa Kiroma haikushikamana kwa chuma juu ya chuma tu. Mwaka 1964, huko Corbridge, kaskazini mwa Uingereza, lilifukuliwa sanduku lenye vipande vya dirii za namna hiyo, na vilipochunguzwa ilionekana kwamba mabamba yalipigiliwa ribiti kwenye mikanda ya ngozi upande wa ndani. Mkanda ulijikunja, mabamba yakateleza moja juu ya jingine, askari akaweza kuinama. Na upo mwandiko wa Kiingereza wa karne ya 15 unaoeleza jinsi ya kumvika shujaa anayekwenda kupigana kwa miguu. Hauanzi na chuma. Unaanza na koti zito lenye bitana, lililotobolewa matundu mengi, na kamba za uzi ulioviringwa kama uzi wa upinde, uliopakwa nta ya mafundi viatu. Tulipofika hapo tulimkumbuka mjomba, tukakifunga kitabu kwanza.

Koti hilo ndilo siri yote. Dirii kamili ya wakati ule ilikuwa na uzito wa kilo 20 hadi 25, na mtu aliweza kutembea nayo kwa sababu vipande vyake vilining'inia kwenye koti lililobana kiuno, si kwenye mabega peke yake. Pale ambapo bamba halikuweza kufika, kama kwapani, walishonea vipande vya wavu wa pete za chuma. Walijua kwamba hatari ipo kwenye kiungo. Someni tena kifo cha mfalme Ahabu katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme: mshale wa mtu asiyekusudia ulimpata hapo hapo, vipande vinapokutana. Na Mtakatifu Yoana wa Arko, aliyetengenezewa dirii mjini Tours mwaka 1429, alichomwa na mshale kati ya shingo na bega katika vita vya Orléans mwaka ule ule.

Turudi kwenye bidoni zetu. Tangu hapo tuliziacha suti za michezo. Kila askari ana kizibao kilichoshonwa kwa jinsi kuukuu, kinachobana bila kukaba. Mahali pa kila tundu tunaweka kwanza kiraka upande wa ndani, kwani tundu lisilo na kiraka hupasuka siku ya kwanza. Bamba la bega tunalifunga kwa kamba mbili karibu na kola, na ncha ya chini tunaiacha huru, ila mpira mwembamba unaozunguka mkono huizuia isipepee. Hapo ndipo tulipokosea zaidi mwaka wa aibu: tulibandika bega lote, na mkono ulipoinuka hapakuwa na nafasi ya bamba kwenda. Kifua na mgongo vimeunganishwa juu ya mabega kwa mikanda ya ngozi, na ubavuni kwa bizimu. Kisha mshipi mpana kiunoni, juu ya yote. Msiudharau mshipi. Mtume Paulo anapowaandikia Waefeso juu ya silaha za Mungu anautaja kabla ya dirii na kabla ya chapeo, naye alikuwa mfungwa aliyewaona askari kwa karibu. Mshipi ukikazwa, uzito hushukia nyonga na bamba la kifua halipandi kidevuni.

Miundi ni rahisi: vipande viwili vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, kimoja chini ya goti, juu ya pale ambapo nyama ya mguu inanenepa, kingine juu ya kifundo. Cha juu kikiwa chini mno, bamba lote hushuka kwenye kiatu. Pini hatutumii tena; hufunguka na kuchoma. Mikanda ya kunata, ile inayolia kama nguo inayopasuka, tunairuhusu kwenye vifundo vya mikono tu. Mafundo yote huwa ya kufunguka kwa mvuto mmoja, kwa sababu jua la Ijumaa Kuu limekwisha kutuangushia askari wawili, na aliyezimia hangoji mafundo. Tena hakuna awezaye kujifunga mgongoni. Kwa hiyo askari huvikana wawili wawili, na tumeona ugomvi mwingi wa vijana ukiishia hapo, mmoja akiwa amemgeuzia mwenzake mgongo.

Mwaka uliofuata kijana wetu alikuja jioni ya Jumatano Kuu, bila kuitwa, na kizibao alichokishona mwenyewe. Hakusema kama anataka kuwa akida, wala sisi hatukuuliza. Alivaa, akapiga goti uani. Akainuka, akapiga goti tena. Akapanda ngazi za kanisa, akainua mikono yote miwili, akainama hadi chini, akasikiliza kama kuna kitakacholia. Kisha akatujia, akageuka, akainua mkono wa kushoto.

"Mwalimu," akasema, "nifungie lile la kwapani."