Ngoma Isiyo na Macho

Tangu tuliporudi kutoka Brazil, ambako tulikaa miezi kumi kwa masomo katika mji wa Salvador, wengi wametuuliza habari za ule mchezo wa mateke uitwao kapoeira, na kama ni kweli kwamba mwalimu mzima wa shule alikuwa akirukaruka jioni pamoja na vijana. Ni kweli. Nasi twataka kueleza jambo moja tu la mchezo ule, yaani ngoma yake, kwa kuwa katika ngoma ile tulifanya kosa, na mwenzetu ndiye aliyelilipa.

Kwanza yafaa ijulikane kwamba mchezo wenyewe hauchezwi pasipo muziki. Watu wawili huingia katikati ya duara, ambayo wenyewe huiita roda, wakarushiana mateke na kuyaepa, wala haiwapasi kuumizana. Mchezo huu ulikua miongoni mwa watumwa Waafrika waliopelekwa huko, wengi wao kutoka Angola na Kongo. Utumwa ulikomeshwa Brazil mwaka 1888. Walakini mwaka 1890 sheria iliufanya mchezo huo kuwa kosa, na aliyekamatwa akiucheza njiani aliweza kufungwa miezi miwili hata sita. Leo mambo yamegeuka. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika roda katika urithi wa wanadamu.

Anayeitawala duara si mmoja wa wale wanaocheza, bali ni chombo kiitwacho berimbau. Ni upinde wa mti wenye upote mmoja wa waya, na waya huo aghalabu huchunwa katika mpira wa gari kuukuu. Upande wa chini hufungwa kibuyu kilichokatwa mdomo. Mpigaji hushika upinde pamoja na jiwe kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia kijiti na kikapu kidogo chenye mbegu. Akikisogeza kibuyu tumboni sauti hufifia, akikitoa hufunguka. Pinde za jamaa hiyo hupigwa Angola, na Msumbiji pia. Berimbau yenye sauti nzito kuliko zote huitwa gunga. Ndiyo iamuruyo mwendo, na ikiita, wachezaji hawana budi kurudi mbele yake na kuchuchumaa.

Basi mwalimu wetu wa huko alikuwa na desturi yake. Siku ya roda alipiga berimbau, lakini siku za mazoezi, Jumanne na Alhamisi, alileta spika kubwa, akaiunganisha na simu yake, akafungulia muziki wa vijana wa siku hizi: funki ya Rio de Janeiro, ambayo hupiga kama mara 130 kwa dakika moja, na samba-rege yenye ngoma nyingi za mitaa ya Salvador. Wazee wengine walinung'unika. Sisi hatukunung'unika hata kidogo. Hatua ya asili ya mchezo, iitwayo ginga, ni kuyumba, mguu mmoja ukirudi nyuma, kisha wa pili. Na kuifanya mara mia tatu katika kimya ni kama kutwanga kinu kitupu. Muziki ulipoanza, mia tatu zilipita bila kuhesabiwa. Mguu wetu wa kushoto, uliokuwa mzito kama wa mtu aliyelewa usingizi, ukapata akili katika majuma sita. Wala si jambo geni kama wazee wale walivyodhani. Mestre Bimba mwenyewe, aliyefungua shule yake Salvador mwaka 1932, alitoa santuri ya kufundishia katika miaka ya 1960, pamoja na kijitabu chake.

Tukaanza kujivuna. Jumamosi moja tuliingia katika roda pamoja na kijana mmoja, mchuuzi wa madafu ufukweni. Gunga ilikuwa ikipigwa polepole, mwendo uitwao Angola, mchezo wa chini kwa chini. Lakini kichwani mwetu ilikuwa ikilia funki ya Alhamisi. Kijana alipoinuka, sisi tulikuwa tumekwisha kulitupa teke la kuzunguka, mkono ukiwa chini na kisigino kikipita mithili ya mundu, likampata katika taya. Tuliambiwa baadaye kwamba gunga ilikuwa imetuita mara mbili. Hatukusikia.

Alitema damu na jino moja. Siku nne hakwenda ufukweni, na mchuuzi asiyekwenda ufukweni hapati cha kula. Tulimpelekea fedha, akazipokea bila kusema neno, akafunga mlango.

Mwalimu hakutukemea. Alituketisha kando yake, akatupa upinde, akasema, "Mwalimu, mwezi huu hutacheza. Tazama." Uzito wote wa berimbau hukaa juu ya kidole cha mwisho, nacho kikavimba siku ya kwanza. Hapo ndipo tulipoiona kazi ya mpigaji. Macho yake hayatoki kwa wachezaji. Akiona mmoja ameingiwa na hasira, hupunguza mwendo. Akiona wamelegea, huongeza. Akiona goti linatetemeka, huwaita. Siku ile ya jino gunga ilinyamaza kabla damu haijafika chini. Spika haioni, mtu aanguke mbele yake, huendelea kuimba vilevile.

Hata hivyo spika haikuachwa, wala hatukutaka iachwe. Tulimweleza mwalimu jinsi tufanyavyo darasani, ambapo watoto wakiwa katika makelele hupigwa kofi moja la mkono, na atakayechelewa kunyamaza husimama. Alicheka, akakubali. Toka siku ile, katikati ya funki huikata ghafula na kupiga gunga, na mguu utakaoendelea kwenda, mwenyewe huketi nje. Majuma mawili ya kwanza tuliketi nje sana kuliko watoto wa miaka kumi.

Yule kijana alirudi na pengo lake. Siku tulipoingia naye tena katika roda, alikaa mbali nasi hatua moja zaidi ya desturi, na mchezo mzima hakutugeuzia mgongo hata mara moja. Gunga ilipoita, sisi ndio tuliotangulia kuchuchumaa.